Mhadhara wa wazi wa Zama za Kati ndo nini hasa?

Ukimwambia mtu wa Bongo kuna mhadhara, kinachomjia kichwani ni spika mbili uwanjani na shehe au mchungaji ananguruma. Wa chuo kikuu sio huo. Huu ni lekcha ambayo mlango umeachwa wazi, si lazima uwe mwanafunzi, mtihani hakuna na mara nyingi hata kiingilio hakuna. Waliowahi kukaa ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, siku za mihadhara ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere wanaijua ladha yake.

Zama za Kati sasa. Kwa hesabu ya Ulaya ni kama mwaka 500 hadi 1500 hivi, tangu Roma ya magharibi ianguke mpaka kina Columbus waanze kuzurura baharini, na jina lenyewe lina kadharau ndani yake, maana waliolianzisha ni wasomi wa Italia waliojiona ndo wamerudisha nuru ya Wagiriki na Warumi, hicho kipindi cha katikati wakakichukulia kama stendi ya kupita tu.

Ndo maana maprofesa wa fani hii wanahangaika sana kuongea na watu wa kawaida, kwa sababu kila mtu anadhani anaijua, kaona panga na ngome kwenye muvi basi. Pale University of Leeds, Uingereza, kuna kongamano kubwa kila Julai tangu 1994, na mbali na mada za wasomi wanakuwa na maonyesho ya nje, watu wamevaa deraya wanapigana, kuna ndege wa kuwindia, mafundi na kazi zao za mikono. Marekani kuna la Kalamazoo, Western Michigan University, lenyewe lilianza 1962, na kwa miaka mingi limesifika kwa disko la Jumamosi usiku, wazee waliobobea kwenye Kilatini wanacheza kweli kweli.

Mimi nikiambiwa nichague naenda kwenye somo la ngozi. Kabla karatasi haijazoeleka Ulaya vitabu viliandikwa juu ya ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi, inalowekwa kwenye maji ya chokaa, manyoya yanakwanguliwa, halafu inawambwa kwenye fremu ikauke imekazwa, yani mtu aliyewahi kuona ngoma ikiwambwa anaelewa hapohapo bila slaidi hata moja. Wino nao ulitokana na vile vinundu ambavyo nyigu husababisha kwenye mti wa mwaloni, vinachanganywa na chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Shika hiyo ngozi mkononi, geuza, upande wa manyoya unaona vitundu vidogo vidogo, wa ndani ni mweupe zaidi. Kitabu kikubwa kilikula kundi zima la mifugo, hapo ndo unaelewa kwa nini vingine vilifungwa kwa mnyororo maktaba.

Siku hizi wasomi wengi wa Zama za Kati hawaishii Ulaya. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na sarafu ya huyohuyo sultani imekutwa Great Zimbabwe, yale magofu ya mji wa mawe kule Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Kwa hiyo ukikuta bango la mhadhara wa Zama za Kati lina picha ya msikiti wa Kilwa, hawajakosea picha.