Kabla ya Jackie Robinson alikuwepo Fleet Walker

Kila Aprili husemwa kwamba Jackie Robinson ndiye Mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli Marekani, mwaka 1947. Robinson anastahili heshima zote, lakini hilo la "wa kwanza" si sahihi.

Miaka 63 kabla yake, Mei 1884, Moses Fleetwood Walker alishuka uwanjani na timu ya Toledo, iliyokuwa katika American Association, mojawapo ya ligi kuu za wakati huo. Alikuwa mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira ya mrushaji. Enzi zile wadakaji wengi walidaka kwa mikono mitupu au glavu nyembamba tu, na vidole kuvunjika lilikuwa jambo la kawaida. Mrushaji wake, Tony Mullane, alikiri baadaye kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliowahi kucheza nao. Ila kwa chuki ya rangi Mullane alizipuuza ishara za Walker, ambazo mdakaji humwonyesha mrushaji aina ya mpira wa kurusha, akarusha apendavyo. Hebu fikiria kudaka mpira wa kasi usiojua unakuja vipi!

Alicheza mechi 42, akaumia, akaachwa msimu huohuo. Mdogo wake, Weldy, alicheza mechi tano.

Basi Robinson hakufungua mlango ambao haujawahi kufunguliwa. Baada ya akina Walker, wenye timu waliufunga makusudi kwa makubaliano ambayo hayakuandikwa popote katika kanuni za ligi kuu.