Rasta ni nini? Kugeuza mipaka ya ramani kuwa pikseli

Kisiwa cha Manda, huko Lamu nchini Kenya, kinaweza kuhifadhiwa kwenye kompyuta kwa namna mbili. Ya kwanza ni poligoni: orodha ya nukta zinazofuatana kuzunguka pwani yake, zikiunganishwa kwa mistari. Ya pili ni rasta, yaani bahari na nchi kavu hutandazwa vigae vya mraba vilivyo sawa, na kila kigae, ambacho ndicho pikseli, hupewa thamani: 1 ikiwa ni kisiwa, 0 ikiwa ni maji. Kutoka namna ya kwanza kwenda ya pili ndiko kugeuza poligoni kuwa rasta.

Tunahitaji hivyo kwa sababu picha za satelaiti ni pikseli tayari. Landsat hutoa pikseli za mita 30 kwa 30, Sentinel-2 hufika mita 10. Anayetaka kujua mikoko ya Lamu imepungua wapi lazima mpaka wa msitu na picha ya satelaiti vikae kwenye vigae vilevile, ndipo avilinganishe kimoja kimoja.

Kazi ni nyepesi katikati ya msitu. Shida yote iko ukingoni, pale pikseli moja inapokuwa nusu mikoko nusu maji. Hapo kuna kanuni tatu. Ya kwanza hutazama kitovu cha pikseli: kikiwa ndani ya poligoni, pikseli nzima ni ya ndani. Ndiyo inayotumika usipobadilisha kitu kwenye GDAL, zana ya kompyuta ya kuchakata data za ramani, ambayo programu ya ramani ya QGIS huitegemea. Ya pili huchukua kila pikseli iliyoguswa, hata kwa pembe tu. Ya tatu huandika sehemu iliyofunikwa, tuseme 0.4.

Chukua mkono wa maji wenye upana wa mita 12 unaopita kati ya mikoko, na pikseli za mita 30. Kwa kanuni ya kitovu, ukipita mshazari utakatika vipande vipande, huku unaonekana, kule umemezwa. Kwa kanuni ya kugusa hautakatika, ila utanenepa hadi mita 30, au 60 ukiangukia kwenye mpaka wa pikseli mbili. Kanuni ya sehemu hutunza eneo sawasawa, lakini 0.4 haikwambii maji yako upande gani wa pikseli. Na si suala la sura tu. Vipimo vya chumvi ulivyochukua ukiwa ndani ya mtumbwi, katikati ya maji, vitahesabiwa kuwa vimechukuliwa msituni pale mkono ulipomezwa. Pikseli zikizidi ukubwa, hata mkondo wa Mkanda utafungwa na Manda itaungana na bara, jambo ambalo hakuna nahodha atakayelikubali.

Kwa nini basi tusitumie pikseli ndogo kabisa? Ukipunguza upande kwa nusu, idadi huongezeka mara nne. Eneo la kilomita 100 kwa 60 lina pikseli kama milioni 6.7 kwa mita 30. Kwa mita 1 ni bilioni 6. Tena kuigawa picha ya mita 30 iwe ya mita 5 hakuleti habari mpya. Kwa Mji Mkongwe wa Lamu, ambao eneo lake kwenye orodha ya UNESCO ni takriban hekta 16, Landsat ina pikseli zisizofika 180. Vichochoro vya punda usivitafute humo.

Kabla ya kugeuza, hamisha ramani kutoka digrii kwenda mita. Lamu iko kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima mahali kwa mita. Uliza pia poligoni ilichorwa maji yakiwa wapi, maana pwani iliyochorwa wakati wa bamvua maji yamejaa si ile ya maji yamekupwa, na tofauti hiyo yaweza kuzidi upana wa pikseli nyingi. Na kama unachotaka ni ukubwa wa kisiwa peke yake, upime kwenye poligoni yenyewe. Rasta haina kazi hapo.