Una Vali ya Chuma? Njoo na Daftari

Siku ya Moyo Duniani, 29 Septemba, kwa kawaida tunawahimiza watu wapime presha. Leo nawaandikia waliokwisha kupasuliwa moyo na kuwekewa vali ya chuma, yaani mlango bandia unaopitisha damu upande mmoja tu, maana malalamiko katika kliniki yetu hapa Kampala ni yaleyale: "Nilishapona, mbona bado mnaniita?"

Kidonda hupona. Mfupa wa kidari, uliofungwa kwa nyaya, huchukua kama miezi mitatu kuungana. Kwa sasa boda boda, jerikeni na mkungu wa matoke waachie wengine. Mgonjwa mmoja alisema kilichomnyima usingizi ni mlio wa tik, tik, nyumba ikishanyamaza. Mkewe alidhani ni saa. Ni vali inayojifunga, na mlio huo ni wa kawaida. Ukififia ghafla na pumzi zikakubana, usisubiri tarehe yako, njoo siku hiyohiyo.

Kinachobaki maisha yote ni warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mwenye vali ya mitrali (ile ya upande wa kushoto, kati ya chemba ya juu na ya chini ya moyo) ya chuma kwa kawaida tunataka INR yake, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, iwe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu huganda kwenye vali na donge laweza kukimbilia ubongoni. Ikipanda, unatokwa damu. Utaratibu wetu: fika asubuhi na daftari lako la kuandikia majibu na dozi, chai umekunywa (kipimo hiki hakihitaji kufunga), toa damu, subiri jibu, dozi iandikwe pamoja na tarehe ya kurudi. Bila jibu hatuandiki dozi, hata ukipiga simu kutoka Arua, hata kama shemeji yako anafanya kazi hapa. Ukiruka tarehe, utapimwa kila wiki mpaka damu itulie.

Ndiyo, warfarini iliwahi kutumika kuua panya. Tumeshasikia. Mboga za majani kama dodo na nakati, ingawa zaweza kupunguza nguvu ya dawa hii, hatujakataza. Kula kiasi kilekile kila wiki. Tulichokataza ni diklofenaki ya dukani, ile ya maumivu, na dawa ya mizizi ya jirani. Hata Septrin, antibiotiki ya kawaida, tuambie kwanza. Kama moyo uliharibiwa na homa ya baridi yabisi, sindano ya penisilini ya kila wiki nne huendelea ulivyoagizwa.

Kina dada, tuoneni kabla ya kushika mimba. Warfarini inaweza kumlemaza mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, lakini kuiacha kimyakimya kwaweza kumuua mama. Mama mkwe akiuliza mjukuu, mje naye kliniki.

Na mje na kopo la dawa. "Kidonge kile cha bluu" hakitutoshi. Rangi hubadilika kwa kiwanda.