Saratani ya matiti na virusi: mbona kwa panya imethibitishwa na kwetu bado?

Kila tukienda kutoa elimu kwenye kliniki za mama na mtoto kuna swali halikosi, na siku hizi limezidi kwa sababu ya klipu zinazozunguka WhatsApp, eti saratani ya matiti inaletwa na virusi? Juzi mama mmoja kamfunga mtoto wa miezi mitano mgongoni, dada yake kagundulika na saratani, akasubiri wenzake watoke ndo akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, daktari, niache kunyonyesha nisije nikampa mtoto? (Wananiita daktari, mimi ni mtu wa maabara tu, nimechoka kusahihisha.)

Sasa swali lenyewe sio la kijinga hata kidogo, na ukisikia mtaalamu analicheka ujue hajui historia yake.

Miaka ya 1930 huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, kwenye Maabara ya Jackson walikuwa wanafuga panya kwa koo, yaani wanawapandisha ndugu kwa ndugu mpaka wanafanana kama mapacha. Kulikuwa na ukoo ambao majike wengi wakishakua wanaota uvimbe kwenye matiti, na ukoo mwingine tatizo hilo ni nadra. Wakawachanganya hizo koo mbili, na mwaka 1933 wakatangaza kitu cha ajabu, kwamba mtoto anafuata ya mama. Baba awe wa ukoo wenye saratani au asiwe, haibadilishi kitu. Ingekuwa ni kurithi kwa kawaida baba naye angechangia, si ndio? Hapo John Bittner akafanya jambo ambalo bibi yangu angelielewa bila kusoma, akabadilisha wa kunyonyesha. Akachukua vitoto vya ukoo wenye saratani vikiwa ndo vimezaliwa, akavipeleka kwa majike wa ukoo mwingine wavinyonyeshe, na saratani ikapungua sana, akachapisha 1936. Kwahiyo kitu kilikuwa kwenye maziwa.

Kitu chenyewe baadae kikajulikana ni kirusi, kinaitwa MMTV, yaani kirusi cha uvimbe wa matiti ya panya, ni familia moja na kirusi cha UKIMWI, manake vyote vinajichomeka ndani ya DNA ya seli na kukaa humo. Kitoto cha panya kinanyonya, kirusi kinaingia utumboni, kinadandia seli za kinga kama abiria wa daladala, kinashukia kwenye matiti. Homoni za ujauzito na kunyonyesha zinakiamsha kinazaliana kwa wingi. Mara nyingi kinajichomeka mahali pasipo na madhara, ila siku kikiangukia karibu na jeni kama ile ya Wnt1, ambayo kwenye titi la panya mzima inatakiwa iwe imelala, kinaiamsha na seli inaanza kugawanyika hovyo. Hiyo iligunduliwa 1982 na imesaidia sana kuielewa saratani hata ya binadamu.

Basi kila mtu akasema kama panya wanacho, sisi je?

Mwaka 1995 kundi la Beatriz Pogo, hospitali ya Mount Sinai kule New York, likasema limekuta vipande vya DNA vinavyofanana na MMTV kwenye asilimia 38 hivi ya uvimbe wa matiti ya wanawake waliowapima. Hiyo ni namba kubwa. Wengine wakarudia, baadhi wakakuta, baadhi hawakukuta chochote, na mpaka leo ubishi huo haujaisha.

Hapa ndo niwaelezee kipimo cha PCR maana ndo mchawi wa hii stori. PCR inachukua kipande kimoja cha DNA inakitoa kopi mabilioni, ndo uzuri wake na ndo ubaya wake. Maabara za utafiti zimejaa panya, DNA yao inaweza kuwa kwenye benchi, hata kwenye kemikali tunazonunua. Mimi mwenyewe nilishawahi kuweka tyubu ya maji matupu, ile ya kulinganishia, ikatoa jibu chanya, nikatupa kazi ya wiki nzima nikaanza upya huku naumia. Na sio mimi peke yangu, kuna kirusi kiliitwa XMRV, 2006 kikahusishwa na saratani ya tezi dume, 2009 kikahusishwa na ugonjwa wa uchovu sugu, dunia nzima ikashtuka, kumbe ni uchafu wa maabara uliotokana na panya, na makala ya 2009 ikafutwa. Halafu ongeza na hili, asilimia kama 8 ya DNA yetu sisi wenyewe ni mabaki ya virusi vya zamani sana vya familia hiyohiyo, kwahiyo kipimo kisipokuwa makini kinaweza kuona babu akadhani ni mgeni.

Kirusi cha ng'ombe nacho kinatajwa, kinaitwa BLV, kinawapa ng'ombe saratani ya damu. Mwaka 2015 Gertrude Buehring na wenzake wa California walikuta DNA yake kwenye asilimia 59 ya matiti yenye saratani na asilimia 29 ya yasiyo na saratani. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakasoma DNA yote ya uvimbe 51, hawakukuta hata kimoja. Anayeuliza kuhusu maziwa ya ng'ombe namjibu chemsha, na ungetakiwa uchemshe hata kama BLV isingekuwepo, maana kifua kikuu cha ng'ombe na bruselosi vipo kweli na havina ubishi.

Linganisha na virusi ambavyo kesi yake imeshaisha. HPV unaikuta karibu kwenye kila saratani ya mlango wa kizazi, na ndo maana mabinti zetu wanachanjwa, Tanzania nchi nzima tangu 2018. Kirusi cha Epstein-Barr kilionekana mara ya kwanza 1964 kwenye uvimbe wa taya za watoto wa Uganda, ule ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliueleza akiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Kwenye titi hatujapata kitu cha hivyo, HPV na Epstein-Barr zimeonekana kwenye baadhi ya sampuli lakini kukutwa eneo la tukio sio kuua. Kuna wanaosema kirusi kinafanya kama dereva anayegonga na kukimbia, kinaharibu seli kinaondoka. Inawezekana, ila ukikubali hoja hiyo hakuna kirusi utakachoweza kukiachia huru.

Kwangu mimi lililonishawishi zaidi ni UKIMWI. Kinga iliposhuka, saratani za virusi zilipanda, wauguzi wa zamani wa ukanda huu wanaikumbuka saratani ya Kaposi ilivyojaza wodi. Saratani ya matiti haikupanda hivyo kwa wanaoishi na VVU, wala kwa waliopandikizwa figo wanaotumia dawa za kushusha kinga. Lakini kumbuka MMTV inazihitaji hizohizo seli za kinga ili isafiri, kwahiyo siwezi kusema mlango umefungwa kabisa.

Yule mama nilimwambia anyonyeshe, saratani ya dada yake haiambukizi kwa maziwa wala kwa kikombe, na kunyonyesha kwenyewe kunapunguza hatari, utafiti mkubwa wa 2002 uliokusanya nchi 30 ulikuta kila mwaka wa kunyonyesha unapunguza kama asilimia 4. Nikamwambia na la pili, ziwa likivimba wakati unanyonyesha ukapewa antibayotiki na uvimbe ukabaki palepale, usikubali kuambiwa ni maziwa yameganda, omba upimwe, ikibidi kinyama kichukuliwe.

Halafu nikamuuliza dada ana miaka mingapi. Akasema 34, na mama yao mdogo naye alifariki kwa ziwa. Hapo nikaona inaweza kuwa ni ya kurithi kwenye familia, nikaacha kuongea habari za panya, nikampeleka mwenyewe kwa sista wa zamu aandikiwe rufaa ya uchunguzi siku ileile.