Gari lisilo na kosa bado halijaundwa

Kila yakizungumzwa ya trafiki, lazima atokee mmoja wa kuuliza: "Kama huna kosa, unaogopa nini?" Jamani, nionyesheni basi hilo gari Dar es Salaam lisilo na kosa.

Daladala peke yake: leseni, bima, masharti ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu), taa, indiketa, waipa, mikanda, reflekta, mtungi wa kuzimia moto, matairi. Vyote vikiwa sawa, bado kuna kosa la "ubovu" wa gari.

Hapo ndipo panaponikera. Mwendo una namba: kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, tochi ya kupima mwendo inasoma, na unaweza kubishana kibao kilikuwa wapi. Ubovu je? Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari na vifaa vyake viwe vizima, visihatarishe watu. Sawa. Ufa mdogo kwenye kona ya kioo unahatarisha? Waipa iliyochakaa, jua la Januari? Uingereza kina cha kashata (mifereji) za tairi la gari dogo kikiwa chini ya milimita 1.6 ni kosa, na kuna kipimo cha kuingiza kwenye tairi. Kwetu anayepima ni jicho la trafiki.

Wala msiniambie tatizo ni trafiki mwenye roho mbaya. Hata malaika akisimama pale hawezi kuandika kila kosa. Foleni ingefika Kibaha. Lazima achague. V8 la mkubwa linapita, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilichobeba mkaa kinawekwa pembeni. Fomu ya faini inaonyesha kosa la kirikuu, haionyeshi magari yaliyopita na kosa hilohilo.

"Si uende mahakamani?" Faini ya gari ni shilingi 30,000 kwa kosa, na ukilipa umekiri. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu ya mwenye gari jioni. Kukaa kortini siku nzima kunamla kuliko faini. Analipa. Hivyo swali la ubovu ni nini hasa halimfikii hakimu, na jibu linabaki kwa mwenye kalamu barabarani. Hata ukifika mahakamani, "mbona wengine wameachwa" haikutoi hatiani. Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, lakini ubaguzi utauthibitishaje wakati walioachwa hawajaandikwa popote?

Ukiandikiwa, omba kitajwe kifaa chenyewe, siyo "ubovu" tu. Kipige picha palepale, namba ya gari ionekane. Kama unabisha, bisha kabla ya kulipa.

Kupunguza vifungu vya sheria? Sina hakika. Ukimnyima trafiki hiari yote, onyo la mdomo nalo linakufa, na bodaboda, aliyeshushiwa faini kutoka 30,000 hadi 10,000 mwaka 2021, ataandikiwa kila anaposimamishwa. Mimi ningeanza na fomu: kila aliyesimamishwa akaachwa, aandikwe pamoja na sababu. Ila trafiki wa Ubungo saa kumi na mbili jioni ataijaza? Sidhani.