Karani wa Kodi Hauzi Sola

Mwezi huu ni mteja wa tatu kuingia ofisini kwangu na bili ya kodi ya majengo mkononi. "Kaka, serikali ilinifungia sola bure, mbona kodi imepanda hivi?" Serikali haikumfungia chochote. Alisaini mkataba wa PACE, deni la sola linalolipwa kupitia kodi ya majengo, sebuleni kwake, kwenye tableti ya kijana aliyebisha hodi.

Huku California mpango huu una sheria yake tangu 2008. Kampuni ya fedha inagharamia sola, nawe unalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi kupitia bili ya kodi. Watu wakiona jina la kaunti kwenye bili, huamini ofisi ya kodi ndiyo iliyokopesha, ikamkagua fundi na kuridhia riba. Hata kidogo! Msimamizi wa PACE hupeleka kaunti orodha ya nyumba na kiasi kinachodaiwa kila moja. Kaunti inaongeza mstari kwenye bili, inapokea pesa, inazipeleka zinakohusika. Msaada wake umeishia hapo, na anayefaidi zaidi ni mwenye mtaji: deni linalodaiwa pamoja na kodi hulipwa kabla ya la benki, ndiyo maana anathubutu kumkopesha mtu asiyemjua. Mteja wangu alikwisha kupanga foleni asubuhi nzima kumlalamikia karani kwamba paneli mbili hazifanyi kazi. Karani wa watu afanye nini? Mkataba hakuuandika, na mstari ule hawezi kuufuta. Fundi akiboronga, nenda bodi ya jimbo inayotoa leseni za makandarasi. Msimamizi wa PACE akikudanganya, nenda DFPI, idara ya jimbo inayompa leseni.

Wateja pia huniambia: "Si mkopo, nyumba haiguswi." Inaguswa. Awamu ya kwanza ya kodi ikipita Desemba 10 bila kulipwa, au ya pili Aprili 10, unapigwa faini ya 10%. Ukilimbikiza miaka 5, kaunti inaweza kuipiga mnada.

"Nikiuza, mnunuzi ataendelea kulipa." Kwenye karatasi, sawa. Lakini tangu 2010 wasimamizi wa Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka benki, wameikataa PACE inayotangulia mkopo wa nyumba, kwa hiyo benki ya mnunuzi huenda ikakutaka umalize deni kwanza.

"Yote naikata kwenye ritani ya kodi ya mapato." Riba pengine, ukitimiza masharti. Deni lenyewe, hapana.

Kabla hujasaini, chukua malipo ya PACE ya mwaka, gawanya kwa 12. Kama benki ndiyo inayokulipia kodi, rejesho lako la kila mwezi litapanda kwa kiasi hicho, na mwaka wa kwanza pengine zaidi, ikifidia upungufu. Umeshasaini? Una siku 3 za kazi za kufuta mkataba, 5 kama umefikisha miaka 65. Mteja wangu alisaini Machi. Bili ilimfikia Oktoba.