Zilizoitwa na kiwanda: dhana potofu kuhusu injini za magari ya mtumba

Novemba 2018 kampuni ya Subaru ilitangaza kuwa inayaita magari takriban 410,000 duniani kote yarudi yabadilishwe springi za valvu, yaani springi zinazofunga milango ya injini ya kupitishia hewa na moshi, bila malipo. Yalikuwa ya 2012 na 2013: Forester, Impreza, XV, BRZ, pamoja na Toyota 86, ambayo ni ndugu wa BRZ. Mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa Forester ya SJ5 (alama ya toleo hilo) ni ipi. Sheria ya Kenya inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka minane iliziruhusu za 2012 kuingia nchini hadi mwisho wa 2019, na za 2013 hadi mwisho wa 2020. Yaani zilikuwa zikipakiwa melini wakati uleule kiwanda kinazitafuta.

"Kungekuwa na tatizo ningeambiwa." Na nani? Barua ya kiwanda huenda kwa mmiliki aliyesajiliwa. Gari likishafutwa kwenye daftari la Japani ili lisafirishwe, kiwanda hakijui tena kama liko Thika au Tabata. Yadi nayo mara nyingi haijui, au haiulizi.

"Lilikaguliwa kabla ya kusafirishwa." Ndiyo, kwa breki, taa, matairi, kilomita na mionzi. Hakuna mkaguzi anayefungua hedi, sehemu ya injini yenye valvu, atazame springi. Hata ukaguzi wa ndani wa Japani, unaosifika kwa ukali, ulipoanza Mei 2018 kuyakataa magari yaliyoitwa na hayajarekebishwa, ulilenga mikoba ya hewa ya kampuni ya Takata, si injini.

Dhana inayowaumiza wengi zaidi ni hii: "Mimi namwaga oili kila kilomita elfu tano, injini yangu haifi." Oili ni muhimu, sibishi. Lakini Subaru wenyewe walieleza kwamba mzigo unaoikalia springi unaweza kuzidi ule uliokadiriwa wakati wa usanifu, na kukiwa na chembe ngeni ndani ya chuma chake, springi huweza kukatika. Hakuna oili inayotibu hilo. Springi ikikatika, valvu haifungi sawasawa: injini inatoa mlio usio wa kawaida, inamisi, au inazima njiani na kugoma kuwaka. Valvu ikibaki chini wakati pistoni inapanda, vinagongana, na hapo hesabu si ya springi tena bali ya injini nzima. Fundi akifungua akakuta valvu imepinda, swali la kwanza ni "sevisi ya mwisho ulifanya lini?" Mwenye gari anaishia kulipa huku akijilaumu kwa kosa la kiwanda.

Kwa Hyundai, oili yenyewe ndiyo ilizibiwa njia. Mwaka 2015 kampuni hiyo iliita Sonata karibu 470,000 nchini Marekani, za 2011 na 2012, kwa sababu mabaki ya chuma kutokana na kuchonga krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) kiwandani yaliweza kubaki kwenye njia za oili na kuzinyima oili beringi za konrodi, mikono inayounganisha pistoni na shafti hiyo. Beringi inasagika, injini inaanza kugonga, kisha inakufa. Mwaka 2017 wito ulipanuliwa, magari ya Kia yakiwemo, na Novemba 2020 kampuni hizo mbili zilifikia makubaliano ya dola milioni 210 na serikali ya Marekani kwa sababu ya jinsi zilivyoshughulikia miito hiyo, ikiwemo kuchelewa kuyaita magari. Na hao walikuwa na anwani za wateja wao!

"Likisharekebishwa, limepona." Mara nyingi ndiyo. Ila injini ya Subaru imelala, hedi zake ziko pembeni karibu na fremu, kwa hiyo kubadilisha springi ni kuishusha injini, kufungua kava la cheni na kulifunga upya kwa silikoni. Baadhi ya wamiliki wa BRZ na Toyota 86 Marekani walilalamika kwamba injini zao zilikufa baada ya kazi hiyo: silikoni iliyozidi ilimeguka ikaziba wavu wa bomba linalofyonza oili. Ukinunua gari lililofanyiwa kazi hiyo, mwambie fundi ashushe sampu, bakuli la oili chini ya injini, achungulie. Si woga.

"Nimeweka namba ya chasi kwenye tovuti, haikuonyesha kitu, basi niko salama." Tovuti ya serikali ya Marekani inataka namba yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezewa soko la Japani lina namba fupi, SJ5 kisha kistari kisha tarakimu, na huko haisomeki kabisa. Itafute kwenye ukurasa wa Kijapani wa kiwanda husika. Tafsiri ya kivinjari inatosha. Halafu fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo, karibu na chuma kinachodakwa na kitasa mlango unapofungwa. Wajapani wakimaliza kazi hubandika hapo kistika kidogo chenye namba ya wito. Kisipokuwepo si ushahidi, maana huweza kubanduka. Kikiwepo, linganisha namba yake na ya kwenye ukurasa, kwa sababu huenda ni ya wito mwingine.

"Ni bure popote." Sheria ya Marekani hulinda gari hadi miaka 15 tangu liuzwe jipya. Kwa gari lililoletwa na mfanyabiashara binafsi hadi Mombasa au Dar es Salaam, usidhani wakala wa kampuni atalipokea hivyohivyo. Mwandikie umuulize kabla hujalipa yadi.

Kuna na suluhisho la gereji: "Nunua injini ya mtumba kutoka Japani, fungia, yameisha." Injini hiyo ya miaka ileile inaweza kuwa na springi zilezile. Wito hufuatwa kwa namba ya chasi, na injini iliyolala sakafuni dukani haina chasi wala mlango wenye kistika. Muulize muuzaji ilitolewa kwenye gari gani. Asipokuwa na jibu, badilisha springi ingali chini: injini ikisharudi kwenye gari, kazi hiyohiyo itadai ishushwe upya.